Sahihi ya Mjaribu

Jumatatu, 4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi hamjambo. Mimi mzima, ila kazi imenikaa kooni. Sikupigi simu kwa sababu simu ya karakana yenu iko mezani kwa msimamizi, na msimamizi ana masikio marefu. Barua naitia kwenye boksi la vipuri. Gari linapita kila asubuhi, dereva atakupa mkononi.

Habari yenyewe ni hii. Vishikwambi vitatu vya shule vimerudishwa vikiwa vimevimba mgongo kama mkate uliozidi hamira. Cha nne mwalimu alikiacha kwenye chaja, akasikia harufu, akarudi akakuta meza imeungua duara jeusi. Watoto walikuwa nje, namshukuru Mungu. Vyote vinne vilifunguliwa na mafundi wetu kubadilishwa kioo, na vyote baada ya mwongozo wangu wa ukarabati kuanza kutumika Januari.

Mkuu wa idara anauliza kama wamekosea mafundi au umekosea mwongozo. Nimemjibu kifua mbele kwamba mwongozo ulijaribiwa hatua kwa hatua, kurasa zote thelathini na mbili, na fundi mwenye miaka ishirini na sita mezani, na sahihi yake ipo ukurasa wa mwisho panapoandikwa Mjaribu. Sikumwambia fundi huyo ni kaka yangu. Hakuuliza.

Lakini nisaidie jambo moja. Fungua ukurasa wa 14, hatua ya 22, pale pa skrubu za mfuniko wa ndani. Fupi nane, ndefu mbili. Ndefu zikiingia pasipo pake, ncha zake zinafika kwenye betri. Angalia tena picha yangu uniambie kama iko sawa.

Nakumbuka siku niliyokuja kwako na daftari kuchora picha za mwongozo. Utotoni nilikuwa nakaa ng'ambo ya meza yako, natazama unavyofungua redio, nageuza kila kitu kichwani: kulia kwako ni kushoto kwangu. Siku hiyo ukavuta stuli ukaiweka kando yako, ukasema, "Njoo huku, sasa wewe ni mkubwa." Nilirudi nyumbani na furaha ya kitoto kabisa.

Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Chokonoa


Jumatano, 6 Machi

Chokonoa,

Marahaba. Sisi wazima. Mwandiko usikushangaze, ni wa wifi yako. Mkono wangu wa kulia unauma kwa hii baridi, kwa hiyo mimi nasema, yeye anaandika.

Ukurasa wa 14 nimeuangalia. Uko sawa. Mwongozo niliujaribu na nikatia sahihi, na sahihi yangu siigawi kama peremende. Tatizo ni mafundi wa siku hizi. Anasoma mstari mmoja, anachungulia simu, akirudi yuko mstari wa nne. Hapa kwetu yupo mmoja anayemwaga skrubu zote kwenye kifuniko kimoja cha chupa, fupi na ndefu, halafu anaokota tu. Ukimuuliza atakwambia zitajuana zenyewe. Mwambie mkuu wako awabane hao.

Na wewe punguza kuchokonoa. Jina hilo nilikupa kwa sababu hukuwahi kuona kitu kilichofungwa ukakiacha salama, hata saa ya baba uliimaliza. Mara hii moja, acha kitu kilivyo.

Usipige simu hapa.

Kaka yako


Ijumaa, 8 Machi

Kaka,

Shikamoo. Jana na leo nimeshinda chumba cha majaribio. Vimerudi vingine, sasa ni kumi na viwili, kutoka karakana saba. Nimevifungua vyote kwa mkono wangu. Kila kimoja, skrubu mbili ndefu ziko upande wa betri badala ya upande wa tundu la chaja. Mafundi saba wasiojuana hawawezi kukosea kosa lile lile mahali pale pale. Nikafungua ukurasa wa 14. Kaka, hivyo ndivyo nilivyowaambia wafanye. Picha yangu imegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Kosa ni langu, na nimelia chooni mpaka mwenzangu akagonga mlango.

Nimezipigia karakana zote waiache hiyo hatua. Lakini vilivyokwisha kufungwa viko shuleni, zaidi ya mia sita, na kila siku vinachomekwa kwenye umeme.

Sasa sikia linalonikosesha raha zaidi. Niliagiza vitano vilivyotengenezwa na wewe. Vyote vizima. Skrubu ndefu ziko mahali pake, zimekaa vizuri kabisa. Nilifurahi, nikamwambia mwenzangu, "Unaona? Huyu ndiye fundi." Nikafika mlangoni nikasimama.

Kama ungefuata mwongozo hatua kwa hatua, vya kwako navyo vingekuwa vibovu. Tena ungekuwa mtu wa kwanza kuona kwamba skrubu haikai, ungenirudishia kitabu kabla hakijachapwa. Kupona kwa vishikwambi vyako kunasema hukuujaribu ukurasa wa 14. Na Jumatano umeniandikia kwamba umeuangalia na uko sawa.

Mkuu anataka taarifa yenye majina mawili: aliyeandika na aliyejaribu. Amesema hatatangaza mambo nusunusu. Tangazo la kuvirudisha vishikwambi litatoka pamoja na taarifa hiyo. Jina langu nimeshaandika. Niambie ukweli niandike la pili.

Mdogo wako


Jumatatu, 11 Machi

Chokonoa,

Kwa hiyo sasa unanipima mimi. Nilikuwa nafungua mashine wewe hata meno hujaota. Mimi ni fundi, si karani wa kupekua kurasa. Skrubu naijua kwa mkono. Umechora vibaya, sema umechora vibaya, usinitafutie mwenzio wa kushikana naye mkono kwenye aibu yako.

Msimamizi akiliona jina langu kwenye taarifa hiyo, wiki hiyo hiyo meza yangu anapewa mtu mwingine. Mimi sina kingine. Sina shamba, sina duka, nina meza na taa na bisibisi sita. Ulitaka ukweli, ndio huo.

Usiandike jina langu.

Kaka yako

Wifi, kuanzia hapa ni mimi. Amemaliza kusema, anadhani natafuta bahasha. Mkono wake hauna ugonjwa wowote. Ni macho. Hawezi kusoma hata anwani yako juu ya bahasha. Barua zako namsomea mimi, na huo ukurasa wa 14 hajauona, wala hakunituma nimsomee. Ukitaka kuniandikia, mwambie dereva anipe mimi mkononi. Usichotaka akisikie sitamsomea.


Jumanne, 12 Machi

Wifi,

Hii usimsomee.

Nimesoma maneno yako nimesimama ngazini, nikakaa hapo hapo. Tangu lini? Anafanyaje kazi? Na mwongozo ulisomwa na nani, ikiwa yeye hasomi? Nisamehe nakuuliza kama polisi, lakini taarifa iko mezani kwangu na pengo la jina la pili linanitazama. Mkuu nimemdanganya kwamba mjaribu amehamia karakana nyingine na bado namtafuta. Amenipa mpaka Ijumaa.

Wifi yako


Jumatano, 13 Machi

Wifi yangu,

Ni mwaka wa pili huu. Presha ya macho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa. Kilichobaki ni mwanga na vivuli. Watu anawatambua kwa viatu vyao.

Kazi anafanya kwa vidole. Skrubu anaigusa kwa ncha ya ulimi akajua ni ndefu au fupi, mimi nimemwona. Namba za vipuri ndizo zinazomtesa. Anamwita mwenzake, anamwambia, "Wewe mdogo wangu umesoma kweli? Hebu nisomee hii namba tuone." Yule anacheka, anasoma, anaenda zake. Karakana nzima inadhani ni utani wake.

Siku uliyokuja na daftari, usiku wa kuamkia hakulala. Alikuwa anawaza atakuonyeshaje kazi bila wewe kujua. Ndipo akapata lile la stuli. Alikukalisha kando ili umsomee alama za bodi, uone badala yake. Aliporudi aliniambia, "Hakugundua." Kisha akasema, "Amefurahi kukaa kando yangu, nimeona haya."

Kitabu ulipokileta akijaribu, nilimsomea mimi. Nilifika ukurasa wa sita. Nilikuwa nimetoka kazini, macho yananifunga, nikasema tutaendelea kesho. Akasema, "Inatosha. Mdogo wangu hakosei." Akaomba kalamu. Mimi ndiye niliyeuweka mkono wake juu ya mstari.

Basi, wifi, kama kuna dhambi na mimi nina fungu langu. Lakini nakuomba kwa jina la mama yenu, usimwondoe pale mezani. Nyumbani hapa anagonga kila kitu. Pale mezani hagongi kitu.

Wifi yako


Alhamisi, 14 Machi

Wifi,

Na hii usimsomee. Nimempa kijana wa bodaboda akufikishie leo leo.

Sasa nimejua nilivyokosea. Utoto wangu wote nimemtazama kaka nikiwa ng'ambo, nageuza kulia kuwa kushoto. Siku ile nilikuwa kando yake, upande mmoja naye, hapakuwa na haja ya kugeuza chochote. Mimi nikageuza. Mkono umezoea. Nimechora anachofanya kama vile bado namtazama kutoka ng'ambo ya meza. Laiti angeniambia kwa nini ananiketisha pale, ningeangalia mara mbili. Laiti mimi nisingekuwa nimelewa sifa, ningeuliza kwa nini fundi kama yeye anaomba kusomewa namba.

Leo asubuhi begi la mwanafunzi limewaka moto. Kishikwambi kilikuwa ndani. Mtoto alikuwa ameshalivua na kulitundika kwenye msumari, akaenda kunawa mikono. Ukuta umeungua mpaka juu. Mwalimu aliponipigia nilisikia darasa zima linalia nyuma yake.

Nimeshika kalamu mara tatu niandike jina la kaka, nimeiweka chini mara tatu. Nimefikiria kutunga jina la mtu asiyekuwepo. Nimefikiria kusema nilitia sahihi mwenyewe. Mkuu hatazungusha, ataagiza karatasi ya asili na ataona. Na kila ninavyochelewa vinachomekwa. Kesho mtoto mwingine asipolivua begi lake? Naogopa, wifi. Sijawahi kuogopa hivi.

Niombee.

Wifi yako


Ijumaa, 15 Machi

Kwa Mkuu wa Idara ya Ukarabati,
Nakala kwa mdogo wangu, mwandishi wa mwongozo

Mheshimiwa,

Samahani kwa mwandiko. Nimeweka rula chini ya kila mstari na bado sijui kama nimepanda au nimeshuka. Anayekuletea barua hii ni mke wangu. Ameacha kazi yake leo ili ikufikie kabla ya saa nne.

Jana jioni amenisomea barua mbili alizokatazwa kunisomea. Alianza na ya begi.

Mimi ndiye mjaribu wa mwongozo. Sikuujaribu. Nilisomewa kurasa sita nikatia sahihi kwa thelathini na mbili. Macho yangu hayaoni maandishi, na nimeficha miaka miwili. Mdogo wangu alichora vibaya, lakini kazi ya mjaribu ni kukamata kosa la mwandishi, na mimi sikuwepo langoni. Yeye alikuwa ananificha. Asiadhibiwe kwa hilo, ni damu tu.

Tangazo litoke leo, si Jumatatu. Na walimu wasisubiri fundi, waambiwe hivi. Kwanza wachomoe chaja. Wazime kishikwambi. Wakilaze kifudifudi, wabandue lile ganda la raba la nyuma, watakuta mashimo mawili ya kukagulia, kila upande moja. Vichwa vya skrubu viko humo, havihitaji bisibisi. Wapitishe ukucha juu ya kichwa cha skrubu ya upande usio na tundu la chaja. Ukucha ukiteleza, ni kizima. Ukikwama, hata kwa unene wa karatasi, skrubu ni ndefu na haikuzama. Hicho wakitoe nje, wakiweke juu ya mchanga au sakafu tupu, wasikichaji wala wasikibonyeze, mpaka gari lifike.

Hivyo ndivyo mimi nilivyojua za kwangu. Mara ya kwanza niliziweka kama wenzangu walivyosema, ukucha ukakwama, nikabadilisha. Nilidhani nimekosea mimi kuokota, nikanyamaza. Ningesema siku hiyo, meza ya mwalimu isingeungua.

Msimamizi wangu nimemwambia leo alfajiri kwa mdomo. Bisibisi zangu nimeziacha mezani.

Fundi wa meza ya tatu


Jumatatu, 22 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne hujajibu. Wifi ananiambia unakaa barazani umegeukia ukuta, na ukiulizwa unasema uko sawa. Basi nitakupa habari, utake usitake.

Tangazo lilitoka siku ile ile saa tano. Mkuu aliisoma barua yako amesimama, kisha akanipa niichape neno kwa neno, hata ule ukucha. Walimu walikagua kabla ya jua kuzama. Kati ya mia sita na kumi na moja, vilivyokwamisha ukucha ni tisini na vinne; vingine mafundi walivifunga kwa mazoea, bila kufungua ukurasa wangu. Viwili viliwaka vikiwa juu ya mchanga, uwanjani, watu wakitazama kwa mbali. Hakuna mtoto aliyeumia.

Mimi nimepewa onyo la maandishi na nimevuliwa kazi ya kuandika kwa miezi mitatu. Nilistahili. Msimamizi wako amempa mtu mwingine meza, hilo unajua, na mimi nimeshindwa kulizuia. Nilikwenda kumwona. Alisema mtu asiyeona hawezi kukaa karibu na betri. Nikamuuliza mbona kwa miaka miwili ya kutoona hakuna kishikwambi chake kilichorudi? Akasema sheria ni sheria.

Lakini mkuu ameniita juzi. Ukurasa wa 14 na kurasa zinazouzunguka ziandikwe upya, na safari hii ziandikwe kwa ajili ya vidole pia: kila skrubu isemwe inavyohisiwa, siyo inavyoonekana tu. Nimemwambia namjua mtu mmoja wa kuzijaribu. Akasema, "Huyo aliyetia sahihi bila kusoma?" Nikamwambia ndiyo, huyo huyo. Alinitazama sana. Amekubali kwa sharti moja, kwamba asiyehusika asome kwa sauti, mjaribu afuate kwa mikono, na kila hatua iwekewe alama ikishafanyika. Ni kazi ya mara hii tu, hakuahidi zaidi, nami sitakudanganya.

Kwa hiyo kwenye boksi kuna kishikwambi kimoja kibovu, betri yake imeshatolewa, na kurasa tisa. Atakusomea jirani yenu mwalimu mstaafu. Bisibisi zako sita zimo pia. Nilizichukua pale mezani na hakuna aliyenizuia.

Picha zote nimezichora nikiwa nimekaa upande mmoja na kishikwambi. Sijageuza chochote. Lakini usiniamini. Ndiyo maana nakutumia.

Mdogo wako,
Chokonoa


Alhamisi, 25 Aprili

Chokonoa,

Marahaba. Anaandika mwalimu wa jirani. Wifi yako amesimama hapa anataka kuongeza neno chini ya barua. Nimemwambia siku hizi aongeze kwa sauti, nisikie.

Anasema nimekula vizuri jana. Haya, umesikia.

Tulianza Jumanne asubuhi tukamaliza jana jioni. Mwalimu anasoma kama anahutubia mkutano, nimemwomba mara mbili apunguze. Kurasa zote tisa zimesomwa, na pale alipochoka tuliacha, tukaanza tena pale pale. Ukurasa wa 14 uko sawa. Skrubu ndefu zimeingia upande wa chaja, zimezama, ukucha umeteleza. Nimerudia mara nne kwa sababu nilitaka kurudia.

Hatua ya tisa ina kosa. Unasema nipashe moto gundi ya ukingo, kisha nitoe kitako cha kadi ya simu. Nimefanya kama ulivyoandika, sikutumia akili yangu, nimetumia kitabu tu. Kitako ni cha plastiki. Kimepinda na moto, sasa hakitoki wala hakiingii. Kadi itoke kwanza, moto ufuate. Na hatua ya kumi na sita usiseme "kaza kiasi." Kiasi cha nani? Sema kaza mpaka iguse, kisha robo mzunguko.

Nakurudishia kurasa zote na hicho kitako kilichopinda ukione. Rekebisha, uniletee upya, nianze tena hatua ya kwanza. Mstari wa chini, pale pa Mjaribu, nimemwambia mwalimu aniwekee kidole juu yake nijue ulipo.

Nimeuacha mtupu. Sitii sahihi.

Kaka yako